Baba akifa, watoto wanakwenda wapi? Swali lililozaa chama chini ya kanisa la wahamiaji

Mwanzoni mwa mwaka 1882, familia ya Downes ilikuwa mbele ya mahakama ya mirathi katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba, Edward Downes, alikuwa amefariki. Alimwacha mjane, Catherine, na watoto wa kiume ambao baadhi yao hawakuwa wamefikia umri wa kujitegemea kisheria. Fedha za kutosha hazikuwapo.

Siku hizo sheria haikuhangaika na uchungu wa mama. Mahakama ilitaka kujua jambo moja: nani atawajibika kwa watoto hawa, na dhamana yake ni kiasi gani? Familia ikishindwa kujibu, mtoto angeweza kuondolewa nyumbani na kukabidhiwa kwa wengine. Ilipofika zamu ya kijana Alfred, aliyesimama na kukubali kuwa mlezi wake wa kisheria hakuwa mjomba wala baba mdogo. Alikuwa paroko msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Maria, padri Michael McGivney, mwenye umri wa miaka 29.

Alfred alibaki na mama yake. Lakini padri mmoja hawezi kuwa mlezi wa kila yatima wa parokia, na McGivney alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi nyuma kidogo, kwa watu waliolijenga kanisa lenyewe.

Wakatoliki wa kwanza wa New Haven walikuwa maskini. Wengi walikuwa Wairishi waliovuka bahari ya Atlantiki kutafuta vibarua. Miaka ya 1820 Wairishi walichimba mfereji wa Farmington kwa sururu na koleo, na baadaye wakajenga reli na kuingia viwandani. Baada ya mwaka 1845, ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa kubwa Ireland, watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakakimbia nchi. Kundi kubwa liliishia katika miji ya mashariki mwa Marekani, na New Haven ulikuwa mmoja wa miji hiyo.

Parokia ilianza mwaka 1832. Kanisa la kwanza lilikuwa jengo la kawaida pembezoni mwa mji. Siku ya kulitabaruku, Mei 1834, watu walijaa hadi kwenye roshani ya waimbaji, roshani ikaporomoka, na sherehe ikageuka msiba. Waumini wakaendelea kusali humo humo. Mwaka 1848 jengo likateketea kwa moto. Hawakuwa na uwezo wa kujenga upya haraka, hivyo wakanunua kanisa lililokuwa likitumiwa na Waprotestanti katikati ya mji, wakaliita la Mtakatifu Maria.

Likaja wazo ambalo mpaka leo mtu anaweza kubishana nalo: kujenga kanisa kubwa la mawe katika mtaa wa Hillhouse, mtaa wa matajiri na maprofesa wa Chuo Kikuu cha Yale. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1870 na kanisa likatabarukiwa mwaka 1874. Yaya, mpishi na dobi waliokuwa wakiingia katika nyumba za mtaa huo kwa mlango wa nyuma, Jumapili walitembea katikati ya barabara ile ile wakiwa wamevaa vizuri, wakaingia kanisani kwao kwa mlango mkubwa wa mbele.

Wenye mtaa hawakufurahi. Mwaka 1879 gazeti la New York Times lilichapisha habari yenye kichwa kilichodai kwamba mtaa wa watu wa hadhi umetiwa doa na jengo la Kanisa la Roma. Wahamiaji walikuwa wamejenga kwa senti zao, na majibu waliyopata ni kwamba wamechafua mandhari.

Walikuwa pia wamejiingiza kwenye deni zito. Fedha ziliisha kabla mnara haujapanda, na kanisa likabaki bila mnara mrefu kwa zaidi ya miaka 100. Kila Jumapili kulikuwa na mchango. Ni haki kujiuliza kama familia zilizokuwa zikihesabu mikate zilipaswa kubebeshwa mzigo huo. Huenda jibu la waumini wenyewe lingekuwa kwamba kuheshimiwa nako ni hitaji. Lakini deni ni deni, na lilikuwa likikabwa na watu ambao baba akilala kitandani wiki mbili, nyumba nzima inatetereka.

Katika parokia hiyo yenye deni ndipo McGivney alipotua, mwishoni mwa mwaka 1877, siku chache baada ya kupewa daraja la upadri huko Baltimore. Paroko wake alikuwa mgonjwa, hivyo kazi nyingi ziliangukia mabega ya kijana huyu: misa, ubatizo, ndoa, na zaidi ya yote, kutembelea wagonjwa na kuzika.

Hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alizaliwa Agosti 12, 1852 katika mji wa viwanda wa Waterbury, si mbali na New Haven, mtoto wa kwanza wa Patrick na Mary McGivney, wote wahamiaji kutoka Ireland. Mama yake alizaa watoto 13. Sita walikufa wakiwa wadogo.

Mzazi anayesoma hapa asiipite haraka namba hiyo. Sita kati ya 13 ni karibu nusu. Hapakuwa na chanjo ya surua, ya dondakoo wala ya kifaduro, na maji safi yalikuwa bahati. Katika mitaa ya wafanyakazi, kuzika mtoto lilikuwa jambo ambalo karibu kila mama alilijua. Michael, kaka mkubwa, alikua akiona hayo nyumbani.

Baba yake alifanya kazi ya kuyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu. Ni kazi ya joto kali na moshi wa metali, na leo mkaguzi wa afya kazini angedai barakoa na mfumo wa kutoa hewa chafu kabla hata hajakaa kitini. Michael mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 13, akaingia kiwandani kutengeneza vijiko ili aongeze kipato cha nyumbani. Alikaa huko takriban miaka mitatu kabla hajaruhusiwa kwenda Kanada kuanza masomo ya upadri.

Juni 1873, akiwa masomoni Montreal, baba yake akafariki. Michael alikuwa na miaka 20. Alirudi nyumbani kuzika na kumkuta mama na wadogo zake sita, bila mshahara wa baba. Safari yake ya upadri nusura iishie hapo. Ni msaada wa askofu wa Hartford uliomwezesha kuendelea seminari Baltimore. Kwa hiyo miaka minne baadaye, alipokuwa akibisha hodi kwenye nyumba za wajane wa New Haven, alijua kitakachofuata baada ya matanga. Jirani hurudi kwao, kodi ya nyumba hubaki pale pale.

Wanaume wa parokia hiyo walikufa mapema. Kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa watu wazima, na mazingira yao yalikisaidia kuenea: vyumba vidogo vilivyojaa watu, viwanda visivyo na hewa, chakula hafifu. Nimonia ilimaliza waliobaki. Mashine zisizo na kinga zilikata vidole, mikono na uhai. Hapakuwa na fidia ya kisheria kwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Connecticut ilipitisha sheria hiyo mwaka 1913, miaka zaidi ya 30 baadaye. Pombe nayo ilikuwa na sehemu yake. McGivney alifufua chama cha vijana cha kuacha ulevi hapo parokiani, na mwaka 1882 alimtembelea gerezani hadi siku ya kunyongwa kijana wa miaka 21 aliyekuwa amemuua ofisa wa polisi akiwa amelewa.

Bima zilikuwapo, lakini kampuni nyingi zilikuwa ghali kwa kibarua. Kilichobaki ni vyama vya siri, vilivyokuwa vingi mno Marekani wakati ule. Vilikuwa na viapo, mavazi rasmi na alama za kutambuana, na muhimu zaidi, vilikuwa na mfuko. Mwanachama akiugua alisaidiwa, akifa mjane alipata chochote. Kanisa Katoliki lilikuwa limekataza waumini kujiunga na vyama vya aina hiyo. Baba wa familia akawa katikati: amsikilize paroko aache mke na watoto bila kitu, au ajiunge kimyakimya na kuacha sakramenti. Wengi walichagua mfuko, na ni vigumu kuwalaumu.

Padri mwingine angepanda mimbarini akemee. McGivney aliona kwamba makemeo hayanunui mkate. Alisafiri hadi Boston na Brooklyn kuona vyama vya Wakatoliki vilivyokuwa vimeanza kusaidiana. Chama cha Boston kilikuwa kizuri lakini kibali chake kilihusu jimbo la Massachusetts pekee, hakikuweza kufungua tawi Connecticut. Basi ikabidi waanzishe cha kwao.

Oktoba 2, 1881 aliwaita wanaume wachache kwenye chumba kilicho chini ya kanisa, lile lile lililosemwa limeharibu mtaa. Walikuwa watu wa kazi za kawaida, pamoja na wachache waliosoma, akiwemo daktari Matthew O'Connor. Vikao vikaendelea miezi kadhaa. Kesi ya watoto wa Downes ilitokea katikati ya vikao hivyo, kwa hiyo waliokaa kwenye chumba kile walikuwa na mfano hai wa kile walichokuwa wakikijadili.

Februari 1882 walikubaliana jina. Padri alipendelea Wana wa Columbus, lakini James Mullen, aliyekuwa amepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akapendekeza Knights of Columbus, yaani mashujaa wa Columbus. Jina hilo lilikuwa na ujumbe kwa majirani wa Hillhouse: baharia mnayemwenzi kuwa ndiye aliyewafungulieni bara hili alikuwa Mkatoliki, msituite wageni. Machi 29, 1882 bunge la Connecticut likakipa chama uhai wa kisheria. Mullen akawa kiongozi mkuu. McGivney alichukua kazi ya katibu, akiacha uongozi kwa walei.

Kuna tukio jingine la wiki hiyo hiyo ambalo halikuhusiana na chama, ila ni vigumu kwa mtu wa habari za afya kulipita. Machi 24, siku tano kabla, huko Berlin, daktari Robert Koch alisimama mbele ya wenzake na kuonyesha kidudu kinachosababisha kifua kikuu. Hadi siku hiyo wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi. Dawa ya kukitibu ilikuwa bado mbali, zaidi ya miaka 60. Mjane wa New Haven asingeweza kuisubiri.

Utaratibu wa chama ulikuwa rahisi, na yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha kufa na kuzikana atautambua. Mwanachama akifariki, kila mmoja aliyebaki alitoa mchango wa dola moja, na lengo lilikuwa mjane afikishiwe hadi dola 1,000. Mwanachama akiugua, alipata dola tano kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 13. Kibarua wa kawaida wakati huo alipata dola moja na ushee kwa siku. Kwa hiyo fedha ya ugonjwa haikuwa mshahara kamili, lakini ilitosha kumzuia mgonjwa asirudi kiwandani akiwa na homa. Na dola 1,000 zilikuwa mshahara wa zaidi ya miaka miwili, muda wa kutosha kwa mama kufungua kibanda, na kwa mtoto mkubwa kumaliza shule badala ya kwenda kutengeneza vijiko.

Mfuko huo haukuwa na nafasi ya kila mtu. Ulihitaji watu wenye afya ili usifilisike, hivyo mwombaji alipimwa na daktari na kulikuwa na kikomo cha umri. Aliyekuwa tayari anakohoa damu alibaki nje, na ndiye ambaye mke wake angeihitaji zaidi ile dola 1,000. Wanawake hawakuwa wanachama. Mwanamke aliingia kwenye hesabu alipokuwa mjane tu, wakati wengi wao walikuwa wakifanya kazi za ndani na kufua nguo za watu. Mfuko unaoanzishwa na maskini mara nyingi huanza kwa kuchagua maskini gani aingie. Hilo halikuwa kosa la New Haven peke yake.

Mwanzo ulikuwa wa kusuasua. Mwaka wa kwanza wanachama hawakuongezeka kama walivyotarajia, na wapo mapadri waliokiona chama hiki kama kile kile cha siri kilichobadilishwa kanzu. Tawi la pili lilifunguliwa Meriden mwaka 1883, kisha mengine yakafuata katika miji ya viwanda ya Connecticut.

McGivney hakukaa kuona matunda hapo Mtakatifu Maria. Novemba 1884 alihamishwa kuwa paroko wa Thomaston, mji mdogo wa viwanda. Miaka miwili baadaye, paroko wa Mtakatifu Maria alipokuwa amefariki na deni likiwa bado linauma, parokia ilikabidhiwa kwa mapadri Wadominiko. Mtu aliyeanzisha mfuko wa kuokoa nyumba za watu alikuwa ameshindwa, yeye na maparoko wake wawili, kuimaliza hesabu ya nyumba ya Mungu.

Mwishoni mwa mwaka 1889 mafua makali yalianza kuenea kutoka Urusi, yakapita Ulaya na kufika Marekani kwa meli. Inakadiriwa watu milioni moja walikufa duniani. Wapo wanasayansi wanaohisi kwamba hayakuwa mafua ya kawaida bali kirusi cha jamii ya korona, ingawa mjadala haujafungwa. McGivney, ambaye afya yake haikuwahi kuwa imara, alipata nimonia. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Ingegunduliwa mwaka 1928. Agosti 14, 1890, siku mbili baada ya kutimiza miaka 38, alifariki. Alikuwa ameishi kwa umri ule ule wa wanaume aliokuwa akiwazika.

Walimzika Waterbury, kwao. Wadogo zake wawili, Patrick na John, walikuwa au walikuja kuwa mapadri, na wote wawili wakahudumu katika chama alichokiacha. Leo Knights of Columbus wana wanachama karibu milioni mbili, na makao makuu yao bado yako New Haven.

Mwaka 1982, chama kilipotimiza miaka 100, mabaki ya McGivney yalihamishiwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Maria. Ni miaka hiyo hiyo ya 1980 ambapo kanisa hatimaye lilipata mnara wake.

Oktoba 31, 2020 alitangazwa Mwenyeheri katika kanisa kuu la Hartford. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa ulihusu mtoto aliyekuwa tumboni, ambaye mwili wake ulikuwa umejaa maji chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya ndani, hali ambayo mara nyingi huua kabla ya kuzaliwa. Wazazi walimwomba McGivney awaombee, na kipimo kilichofuata kikaonyesha maji hayapo. Mtoto akazaliwa hai mwaka 2015. Mama huyo, izingatiwe, hakuacha kliniki; ni kliniki iliyoona ugonjwa na ni kliniki iliyoona umeondoka.

Misa hiyo ya kumtangaza ilifanyika katikati ya korona. Waliovaa barakoa walikaa mbalimbali, viti vingi vikiwa wazi, wakimwadhimisha padri aliyekufa katika janga la mafua miaka 130 kabla. Watu wengi waliifuatilia kwenye simu zao.